Muvi za Olimpiki, chumvi ni kiasi gani?

mpenda_muvi: Wakuu, jana nimerudia Cool Runnings, ile ya Wajamaika na bobsledi (mbio za kigari cha kuteleza kwenye barafu) kule Olimpiki ya Calgary 1988. Pale mwisho kigari kinapinduka, jamaa wanakibeba mabegani mpaka mstari wa mwisho, nikalia kabisa. Ilitokea kweli??

mzee_wa_mbio: Kupinduka kweli, kubeba mabegani ndo chumvi. Walitoka wakatembea pembeni ya kigari huku kinasukumwa basi.

nyota7: Watengeneza muvi wote ndo walivyo bana. Muvi ya Chariots of Fire inaonyesha Liddell, yule mkimbiaji aliyegoma kukimbia Jumapili kwa ajili ya dini, anajua mchujo wa mita 100 ni Jumapili wakati anapanda meli, kumbe ratiba aliijua miezi kibao kabla, akajifua kwa mita 400 na dhahabu akabeba, Paris 1924. Ila ya melini inanoga zaidi, tusidanganyane 😂

kitaa_sinema: Achaneni na maigizo, tafuteni Tokyo Olympiad ya mwongozaji Ichikawa, dokumentari ya 1965. Kwenye marathoni kamera inamganda Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia, kwa slo mosheni, uso wake tu, hausemi kitu, halafu inakuja kwa wengine wamekaa chini wanavua viatu miguu imejaa malengelenge

mpenda_muvi: Hiyo ya malengelenge naitafuta leo leo