PRP au minoksidili kwa nywele za pembeni? Niko Tanga

BintiNgamiani: Jamani, nimesuka kwa kukaza tangu sekondari, sasa nina miaka 31 na nywele za pembeni zimekwisha. Nimesikia habari za PRP huko Dar, ile ya kudungwa maji ya damu yako mwenyewe kichwani. Wengine wanasema minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, inatosha. Nauli ya kwenda Dar mara tatu naiogopa, ila hali ya kichwa changu inaniuma moyo zaidi.

MamaChumbageni: Pole mwanangu. Mimi nilifanyiwa PRP utosini. Wanakutoa damu mkononi, inazungushwa mashineni, chembe nyekundu zinazama, juu yanabaki maji ya manjano yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu kwenye jeraha. Hizo hutoa vichocheo vya ukuaji, ndiyo wanakudunga. Sindano zinauma, sikufichi. Mara tatu, kila baada ya mwezi. Mwezi wa nne nikaona utosi umejaa, lakini nimeambiwa nirudie kila miezi sita.

TabibuMakorora: Dada, usilipe kwanza. Simama juani na kioo. Ngozi ikiwa laini, inang'aa, haina hata vitundu vya nywele, hapo pameshakuwa kovu; PRP haifufui, minoksidili haifufui. Vitundu vikiwepo, acha kusuka kwa kukaza leo hii. Hiyo ndiyo tiba ya kwanza. Kisha minoksidili 5% kila siku, miezi minne hadi sita. Wiki za mwanzo nywele hupukutika zaidi, usishtuke. Mjamzito au anayenyonyesha asiitumie. PRP imethibitika zaidi kwa upara wa kurithi, kama wa Mama hapo juu, kuliko nywele zilizong'olewa na misuko.

KijanaRaskazone: Mimi ilikuwa makovu ya chunusi, PRP pamoja na vijisindano vya usoni. Mashimo yamepungua kina, hayajaisha. Mwenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba amwambie daktari mapema.

TabibuMakorora: Na sindano zifunguliwe mbele yako, mrija wa damu yako uwe na jina lako. Huko New Mexico, Marekani, kuanzia 2018 waligundulika watu walioambukizwa VVU baada ya PRP ya uso kwenye saluni moja. Hapo ni uchafu wa vifaa, si damu yako mwenyewe. Unayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari, usiziache kienyeji.

BintiNgamiani: Nimetoka juani. Juu ya paji vitundu vipo, na vinyoya vyembamba. Karibu na sikio la kushoto hakuna kitu. Kesho asubuhi nafumua, naanza na minoksidili.

MamaChumbageni: Piga picha kabla, mwanangu, kila mwezi mahali palepale.