Mchangamfu alianza kwa moto akapoa, mkimya anazidi kupanda. Ni tabia ama?

mpakani_busia
Wandugu naomba mawazo. Nasimamia vijana wa mauzo kwa hadweya ya jumla hapa Busia upande wa Uganda, wawili waliingia pamoja. Mmoja mchangamfu sana, kastama anapigiwa stori mpaka anasahau kubishana bei, miezi ya kwanza aliuza kuliko wote. Mwingine mkimya, kila kitu anaandika, ukimwambia nipigie Ijumaa anakupigia Ijumaa. Mwaka umepita, wa stori ameshuka na mkimya ndiyo anaongoza, sasa bosi anataka tuajiri wakimya tu. Ni sawa kweli?

dada_ajira
Ssebo msichanganye ukimya na kujituma, wakimya wavivu wako tele. Kinachombeba huyo ni kuandika na kutimiza aliyosema. Watafiti Barrick na Mount mwaka 1991 walijumlisha tafiti za polisi, mameneja, wauzaji, mafundi na wataalamu, kujituma kwa mpangilio ndiyo tabia iliyoendana na kazi nzuri kwa wote, na uchangamfu ulisaidia mameneja na wauzaji, kwa hiyo bosi asiutupe. Tena uhusiano wenyewe ni mdogo, kama 0.22 (0 ni haviendani kabisa, 1 ni vinaendana moja kwa moja), usimhukumu mtu nao peke yake. Lakini muda unabadilisha mambo kweli, kule Ubelgiji walifuata wanafunzi wa udaktari miaka mingi, na nguvu ya kujituma ilionekana zaidi miaka ya mwisho kuliko mwanzoni.

tororo_mizigo
Mimi nauliza, kazi yenyewe ilibaki ileile? Mtafiti Thoresen na wenzake mwaka 2004 waliangalia wauzaji wa dawa, kwa dawa iliyozoeleka sokoni waliojituma ndio mauzo yao yalizidi kukua, kwa dawa mpya wakaongoza wanaoelewana na watu na wanaopenda kujifunza vitu vipya.

mpakani_busia
Eh umenigusa hapo. Alianza kushuka tulipoanza kukopesha mafundi, kazi ikawa kufuata madeni zaidi ya kuuza, na hiyo hakuna aliyemfundisha. Naenda kumwomba bosi ampe njia ya Bugiri na Namayingo ambako bado hatujulikani, madeni yabaki kwa mwenzake.

dada_ajira
Afadhali hivyo. Na kwa intavyu msiangalie nani anaongea, muulizeni kila mmoja maswali yaleyale, mfano deni la mwisho alilofuatilia alifanya nini siku ya kwanza, nini baadaye, na kama lililipwa.