SAT au ACT? Nimemaliza form six PCM nataka kuomba vyuo Marekani

pcm_ziwani

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Nimemaliza form six mwaka huu kombi PCM (fizikia, kemia na hesabu), matokeo bado tunasubiri Julai, na nataka kuomba vyuo vya Marekani vile vinavyotoa msaada mkubwa wa ada hata kwa wanafunzi wa nje, maana bila huo msaada nyumbani hatuwezi hata nauli. Sasa nimekwama hapa kwenye mtihani wa kuombea vyuo, SAT au ACT. Kuna jamaa nilikuwa nae shule anasema nifanye ACT kwa sababu wameondoa science imekuwa fupi na rahisi, mwalimu wangu yeye anasema Tanzania wote wanafanya SAT nisijisumbue, afu kuna mwingine ananiambia siku hizi vyuo havihitaji mtihani wowote kabisa. Hesabu niko vizuri, Kiingereza naandika fresh ila kusoma kwa spidi ndo tatizo langu, napenda kurudia sentensi. Pesa ya kufanya yote miwili sina, nataka nichague mmoja niukomalie. Naombeni ushauri kwa mliopita huko.

mwana_wa_pangani

Dogo marahaba, na hongera kwa kumaliza. Mimi nilipita njia hiyo hiyo, PCM ya kwetu, sasa niko chuo huku Marekani, nikueleze ninavyoijua.

Kwanza hiyo ya kwamba vyuo havihitaji mtihani iache, imepitwa na wakati. Kipindi cha corona wengi waliufanya hiari, ila MIT walirudisha sharti 2022, afu 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech, na wengine wakaja nyuma yao. Columbia wamebaki hiari, Princeton wametangaza sharti litarudi kwa wanaoomba kuanzia msimu wa 2027, na vyuo vya University of California hawaangalii kabisa hata ukipata zote. Kwa hiyo andika kwanza orodha ya vyuo vyako, ingia tovuti ya kila kimoja usome wanataka nini mwaka unaoomba wewe. Na hakuna chuo kinachopenda SAT kuliko ACT au kinyume chake, wote wanapokea yoyote, hapo usipoteze usingizi.

Sasa wewe mwenyewe umesema tatizo lako ni spidi ya kusoma, na hapo ndo jibu lilipo. SAT ya siku hizi ni ya kompyuta, kusoma na kuandika maswali 54 kwa dakika 64, yaani sekunde kama 71 kwa swali, na kila swali lina kipande chake kifupi cha kusoma, unasoma aya moja unajibu unasonga mbele. Hesabu maswali 44 dakika 70. ACT hata baada ya kupunguzwa mwaka 2025, English ni maswali 50 kwa dakika 35, hiyo ni sekunde 42 kwa swali, afu reading ni habari ndefu kadhaa, kila moja na maswali yake mengi, ukipotea katikati ya habari umepoteza kundi zima la maswali. Mtu anayerudia sentensi ACT itamkimbiza vibaya sana. Na science haijafutwa, imekuwa hiari, kuna vyuo bado vinaitaka au vinapendekeza.

Upande wa hesabu PCM imekubeba. Hakuna calculus, ni algebra, asilimia, grafu, takwimu kidogo, jiometri na trigonometri ya kawaida. Kinachowaangusha watu wa kwetu ni lugha ya swali, anakupa stori ya mtu anakodi gari na bei ya kila maili, ukiitoa ile equation umemaliza. Tena ndani ya programu ya SAT kuna kalkuleta ya Desmos inayochora grafu, jifunze kuitumia mapema maana NECTA, baraza letu la mitihani, haijatuzoesha kitu kama hicho.

Kitu cha kuheshimu kwenye SAT ni moduli ya kwanza. Kila somo lina moduli mbili, ukifanya vibaya ya kwanza wanakupa ya pili iliyo rahisi na alama zako haziwezi kupanda juu sana hata ukiipata yote. Kwa hiyo ile ya kwanza tulia. Na usiache swali wazi, jibu la kukosea halikati alama, iwe SAT au ACT.

mkisii_wa_eldoret

Nakubaliana na huyo wa juu, ila usiamini mtu yeyote kabla hujajipima mwenyewe. Bluebook, ile programu ya kufanyia SAT, ni ya bure, ndani kuna mitihani kamili ya SAT ya mazoezi, na ACT nao wana mtihani wa mazoezi wa bure kwenye tovuti yao. Fanya mmoja mmoja, siku tofauti, saa ikiwa mezani, simu imezimwa, usisimame kunywa chai. Halafu linganisha kwa ile jedwali rasmi ya kubadilisha alama, ACT 28 iko sawa na SAT 1310 hivi, 31 ni kama 1400, 34 ni kama 1500. Upande uliopanda ndio mtihani wako, zikilingana enda SAT kwa sababu ya bei. Ukijumlisha na ada ya kufanyia nje ya Marekani SAT inapita dola 100, na ACT ya kimataifa iko juu kuliko hiyo. Ule msamaha wa ada unaosoma mtandaoni ni wa wanafunzi walioko Marekani, usiuwekee matumaini.

Huku Kenya hata KenSAP ya kule Iten, waliyoanza 2004 kupeleka vijana maskini vyuo vikubwa, mafunzo yao yamekuwa ya SAT. Khan Academy, tovuti ya masomo, pia wana masomo ya SAT bure kabisa waliyotengeneza pamoja na College Board, wenye SAT yao. Kwa mtu asiye na pesa ya tuition hiyo ni hazina, ACT haina kitu cha bure kipana hivyo.

Tena pasipoti, anza leo kama huna. Ndiyo kitambulisho ambacho hakikusumbui mlangoni.

pcm_ziwani

Asanteni sana kaka zangu, nimeelewa vitu vingi. Pasipoti sina nitaanza kufuatilia wiki hii. Swali, laptopu sina mwenyewe ni ya binamu yangu na ni ya zamani kidogo, na umeme kwetu unakatika, je ukikatika intaneti katikati ya SAT si ndo nimekwisha?

mama_watatu_illinois

Mwanangu usiogope hiyo, Bluebook inahitaji intaneti mwanzoni kufungua na mwishoni kutuma majibu tu, katikati ikikatika mtihani unaendelea na saa yako haipotei. Betri ndiyo ya kuangalia, iweze kukaa saa tatu. Simu hairuhusiwi kufanyia.

Ila mimi niwaambie wengine wanaosoma hapa walio huku Marekani, wale watoto wetu waliokuja kutoka Kongo, Burundi, Tanzania kupitia kambini, hesabu yao ni tofauti na ya huyu kijana. Huku Illinois jimbo lilitoka SAT likaenda ACT mwaka 2025, kwa hiyo mtoto wa darasa la 11 anaufanya shuleni bure, na akiwa bado anajifunza Kiingereza anaweza kuombewa muda wa ziada mpaka nusu juu, na orodha ya maneno ya lugha mbili iliyoidhinishwa. Binti yangu alipata huo muda na ACT ndiyo iliyomfaa, kwa sababu kilichokuwa kinamshinda ni kukimbizwa, si kwamba haelewi. Lakini hakuna aliyenipigia simu kunieleza, nilikwenda mwenyewe kwa mshauri wa shule nikakaa pale mpaka fomu ikajazwa. Wazazi nendeni, na mwende mapema, hii haiombwi wiki ya mtihani. Kama mtoto anakula chakula cha bure shuleni ulizeni pia msamaha wa ada, akiupata huo hata ada za maombi vyuoni vingi zinasamehewa.

mwana_wa_pangani

Mama asante, hiyo ya muda wa ziada wengi hawaijui kabisa.

Dogo, hiyo laptopu ya binamu weka Bluebook leo leo uone kama inakubali, Windows ya zamani sana inaweza kugoma, bora ujue sasa kuliko siku ya mtihani. Kuhusu tarehe, SAT ipo Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, na mwisho wa maombi ya mapema kwa vyuo vingi ni tarehe 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Mimi ningelenga Oktoba, Desemba ibaki ya akiba, maana Agosti kama jina lako lipo kwenye orodha ya JKT, jeshi la kujenga taifa, utakuwa kambini na hutapata hata muda wa kufungua kitabu. Vituo vinajaa, jiandikishe mapema.

Na kitu cha mwisho ambacho watu wa kwetu hawakisomi, Harvard na Dartmouth wameandika wazi kwamba kama huko uliko SAT na ACT kweli hazifikiki, wanaweza kupokea matokeo ya mitihani mingine, ikiwemo ya taifa. Wewe unaweza kufika kituoni kwa hiyo fanya mtihani, ila kuna vijana Kigoma au Mtwara wanaosoma hapa ambao nauli na malazi ya kufuata kituo ni sawa na ada ya muhula, hao wawaandikie barua pepe watu wa udahili waeleze hali yao. Pia EducationUSA, pale ubalozi wa Marekani Dar, wanashauri bure, waulize kituo kilicho karibu na wewe.

pcm_ziwani

Sawa kaka, Bluebook imekubali kwenye laptopu ya binamu, inashuka sasa hivi. Nafanya wa SAT Jumamosi hii na wa ACT Jumamosi inayofuata, nitaweka alama zote mbili hapa mnisaidie kuzisoma.