Keshokutwa tunapanda meli ya kitalii: kipimo cha COVID cha kujipimia nyumbani kinakubalika? Naombeni msaada wa haraka

NuruYaAsubuhi · Ijumaa 19 Novemba 2021, saa 3:10 asubuhi
Habari zenu wakuu. Jumapili hii tunapanda meli ya kitalii ya siku saba kutoka Port Everglades, Fort Lauderdale. Tupo watatu: mimi, mume wangu na mtoto wa miaka 9. Sote tumechanja. Zamu yetu ya kufika bandarini ni saa 5:30 asubuhi. Naomba kujua mambo mawili. Kipimo cha haraka cha kujipimia nyumbani wanakikubali? Na pale mlangoni wanakagua nini hasa, au wanatazama karatasi juu juu na kukupitisha? Ndege yetu ni kesho asubuhi na usiku kucha sijalala.

KambaNene · saa 3:31
Dada, kipimo cha nyumbani peke yake hakikubaliki. Kinachopita ni kile kinachosimamiwa kwa video: mhudumu wa afya anakuona ukifungua pakiti, anakuona ukisugua pua, mnasoma jibu pamoja, kisha unatumiwa hati yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, aina ya kipimo, tarehe na jibu. Picha ya kifaa kikiwa mezani haisemi ni pua ya nani.

Tarehe nayo iangalie vizuri. Tangu 13 Septemba CDC, mamlaka ya afya ya Marekani, wanataka aliyekamilisha chanjo awe amepima ndani ya siku mbili kabla ya kupanda, na hizo ni siku za kalenda, hazihesabiwi kwa saa. Kwa meli ya Jumapili, ni kipimo cha leo, cha kesho, au cha Jumapili yenyewe. Cha jana hakifai tena.

MzeeWaGati · saa 3:48
Watu wengi wanakwama kwenye mizigo, si kwenye vipimo. Lebo za kabini zifunge kwa stepula na gundi ya nailoni juu yake, maana karatasi tupu huchanika kwenye mkanda wa kuskani. Begi kubwa unamkabidhi mpagazi nje ya jengo na hutaliona mpaka jioni mlangoni pa kabini. Kwa hiyo pasipoti, kadi ya chanjo, hati ya kipimo, dawa na barakoa za akiba vikae kwenye begi la mkononi. Akina mama huweka hati zote kwenye begi kubwa "zisipotee", halafu begi limeshaingia tumboni mwa meli na wao wamebaki kaunta. Pasi ya nguo usibebe, wala kebo ya kugawia umeme yenye kinga ya mshtuko. Zote zinazuiliwa.

Na usifike saa nne kwa zamu ya saa tano na nusu. Zamu zimewekwa ili watu wasirundikane ndani. Utasimama nje tu.

Tanga_Mbili · saa 4:02
Ongezea zoezi la dharura. Siku hizi hamkusanyiki mamia kwa pamoja. Unatazama video kwenye simu au runinga ya kabini, unasikiliza king'ora cha milio mifupi saba na mmoja mrefu, kisha unakwenda mwenyewe kwenye kituo chako cha kukusanyikia, wanaskani kadi yako, basi. Usichelewe, maana lazima abiria wote wawe wamemaliza kabla meli haijaondoka. Sheria hiyo ilikazwa baada ya Costa Concordia kuzama Januari 2012 na watu 32 kufa, ambapo abiria waliopanda siku ileile walikuwa hawajafanya zoezi.

Bi_Sauda · saa 4:15
Mdogo wangu, mimi nimesoma swali lako la pili mara mbili. Mtu ambaye karatasi zake zimekamilika haulizi kama wanatazama juu juu. Kuna nani anaumwa hapo nyumbani?

NuruYaAsubuhi · saa 4:40
Hakuna anayeumwa, dada. Ni mafua madogo ya mtoto, yalianza Jumanne. Juzi Jumatano tulimpima nyumbani, ukatokea mstari hafifu sana kwenye T, wa kuvizia kwenye mwanga. Tukampima tena jioni, hakuna kitu. Hana homa, anacheza, anakula. Kifaa cha kwanza kilikuwa kibovu, mimi nina uhakika. Safari imelipwa yote, na mume wangu likizo yake haisogezwi. Nilichopanga ni kumpima tena kesho, akiwa sawa tunaendelea, na barakoa atavaa muda wote.

KambaNene · saa 4:58
Hapo ndipo swali lilipo. Mstari wa T ukitokea ndani ya muda wa kusoma, kwa vifaa vingi ni kama dakika 15 hadi 30, ni chanya hata uwe hafifu namna gani. Uhafifu maana yake protini ya kirusi ni chache kwenye sampuli. Kirusi bado kipo. Mstari wa uongo unaotokana na kukauka kwa maji huja baadaye, baada ya muda kupita. Mliusoma dakika ya ngapi?

Hasi ya jioni haifuti chanya ya asubuhi. Vipimo vya antijeni, yaani hivi vya haraka, vinakosea zaidi upande wa kutoona: pamba haikuzungushwa vya kutosha, na watoto hukwepa. Inatakiwa mizunguko mitano kila tundu, kama sekunde 15, pamba ileile pande zote mbili. Sababu nyingine ni matone machache, au kifaa kilicholala kwenye baridi. Kuonyesha chanya bila kirusi ni nadra, na kwa mtoto mwenye mafua ni nadra zaidi. Mpelekeni PCR leo, kile kipimo cha maabara.

NuruYaAsubuhi · saa 5:06
Tulisoma dakika ya 15. Lakini PCR si inakamata hata mabaki ya zamani? Nikimpeleka nimejifungia mlango mwenyewe.

ImaniKwanza · saa 5:20
Dada yangu, fikiria waliomo ndani. Februari 2020 Yokohama, Japani, meli ya kitalii Diamond Princess ilikuwa na watu 3,711, na 712 wakakutwa na maambukizi. Wengine walikuwa wapishi na wahudumu waliopeleka chakula milangoni huku wenyewe wakilala wawili wawili kwenye vyumba vidogo vya chini. Meli zilisimama Marekani tangu Machi 2020, na ya kwanza kuondoka tena na abiria wa kulipa ilitoka hapohapo Port Everglades, 26 Juni mwaka huu. Msiwarudishe wale watu kule.

Hesabu_Kali · saa 5:33
Wakuu, hii ni chai. Fungueni kalenda. Mleta uzi kasema sote tumechanja, na mtoto ana miaka 9. Chanjo ya umri wa miaka 5 hadi 11 imepitishwa na CDC tarehe 2 mwezi huu. Dozi mbili zinaachana wiki tatu, halafu siku 14 ndipo uhesabiwe umekamilisha. Hata kama angechomwa siku ya kwanza kabisa, hakuna mtoto wa miaka 9 anayekamilisha kabla ya Desemba. Ama mtoto hayupo, ama safari haipo. Watu wanatoa muda wao hapa kwa hadithi ya kutungwa.

Tanga_Mbili · saa 5:41
Mkuu ana hoja. Hata mimi nimepigia hesabu, haikubali.

Bi_Sauda · saa 5:47
Anayetunga hupanga tarehe zake vizuri. Aliyechanganyikiwa ndiye huzichanganya hivi. Mwacheni ajibu.

NuruYaAsubuhi · saa 6:15 mchana
Siyo chai. Mtoto amechoma dozi moja, Jumamosi tarehe 6. Ya pili ni tarehe 27. Niliandika sote kwa sababu sisi wazazi tumekamilisha, na nilidhani dozi moja kwa mtoto inatosha. Nisameheni. Kwenye programu ya kampuni nimejaza na imekubali.

KambaNene · saa 6:32
Programu hukubali chochote, kwa sababu inakusanya majina, picha na zamu tu. Hati zinasomwa na mtu pale mlangoni. Kwa dozi moja mtoto anahesabiwa hajachanja, na hilo linageuza mpango wako wote. Kampuni nyingi msimu huu zinamtaka mtoto wa namna hiyo awe na PCR ya ndani ya siku tatu, antijeni haitoshi, kisha wanampima tena palepale bandarini kabla ya kaunta. Kwa hiyo hilo la kumpima kesho na barakoa halikufikishi hata ngazini.

Akionekana chanya pale, hazuiwi yeye peke yake. Kabini nzima inarudishwa, na begi lenu kubwa linaanza kutafutwa ndani. Mtakuwa Florida, na mgonjwa haruhusiwi kurudi kwa ndege mpaka amalize siku zake za kutengwa. Hoteli ni juu yenu. Na fomu ya afya utakuwa umeshaisaini, ile inayouliza dalili na kukaa karibu na mgonjwa ndani ya siku 14.

Akipenya na kuugua baharini, mnahamishiwa kabini za kutengwa, chakula kinawekwa mlangoni. Safari ni siku saba, kutengwa ni siku kumi. Zilizobaki mnazimalizia nchi kavu.

MzeeWaGati · saa 6:50
Kuhusu pesa, kabla hujakata tamaa soma masharti ya tiketi, kipengele cha COVID. Mwaka huu kampuni nyingi humrudishia pesa au salio abiria aliyekutwa chanya kabla ya kupanda, pamoja na wa kabini yake. Wanataka hati ya maabara yenye jina na tarehe, na wanataka uwaarifu kabla ya meli kuondoka. Asiyetokea bila taarifa kwa kawaida hapati kitu. Kwa hiyo PCR unayoiogopa ndiyo inayoweza kuokoa pesa yako.

Hesabu_Kali · saa 7:04
Dada, neno langu la chai nalirudisha. Ndege ya kesho iahirisheni leo, kabla haijaruka. Ikisharuka mnahesabiwa hamkutokea, na kusogeza tarehe kunakuwa kugumu zaidi.

NuruYaAsubuhi · Jumamosi 20 Novemba, saa 2:25 asubuhi
Tulimpeleka jana mchana. Jibu limekuja sasa hivi: chanya. Sisi wawili hasi. Ndege tuliisogeza jana jioni. Kampuni ya meli wameniambia nitume hati kwa barua pepe na namba ya nafasi tuliyokata, watatupa salio la safari nzima. Mtoto analia, mimi pia. Dozi yake ya pili nifanyeje, na tukikata safari nyingine Januari si PCR itamkamata tena na mabaki?

KambaNene · saa 2:44
Pole sana, dada, na asante kwa kumpeleka. Siku dalili zilipoanza, Jumanne tarehe 16, ni sifuri. Kumi zinatimia tarehe 26. Dozi ya pili ni tarehe 27, kwa hiyo ikiwa homa haikutokea na mafua yanapungua, haisogei. Ila mpigie daktari wake kwanza. Ninyi wazazi pimeni tena, maana mnaishi naye nyumba moja na hasi ya leo ni ya leo tu.

Kwa Januari hofu yako ni ya kweli, PCR inaweza kuendelea kuonyesha chanya kwa wiki nyingi. Ndiyo maana kuna njia ya aliyepona: hati ya chanya yenye umri wa siku 10 hadi 90 siku ya kupanda, pamoja na barua ya daktari yenye nembo, saini na simu, inayosema anaruhusiwa kusafiri. Ukihesabu kutoka jana, hiyo ni kuanzia 29 Novemba hadi 17 Februari. Waulize kampuni kama wanaipokea kwa mtoto, na jibu lao waandike.

MzeeWaGati · saa 2:52
Na matembezi ya nchi kavu kama mliyalipia kwa mawakala wa nje, salio la meli haliyahusu. Waandikie hao leo, kila mmoja peke yake, na ambatanisha hati hiyohiyo.

NuruYaAsubuhi · saa 3:05
Yapo mawili. Naandika sasa.