Baruti ipi kwa .30-06 ya kuwindia: H4350, IMR 4350 au ya punje?

MwindajiBaridi (Minnesota)
Wakuu habarini za jioni. Najua humu kuna watu wameanza kujijazia risasi (kuunganisha mwenyewe ganda, fataki, baruti na kichwa) kabla mimi sijashika hata bunduki, mimi huu mwaka wa tatu tu, kwaiyo nahitaji mawazo yenu. Nina bunduki ya .30-06 (ndo aina ya risasi yake) ya bolti, yaani unavuta mkono kila risasi, mtutu inchi 22, kichwa cha risasi greini 165 (greini ni kipimo kidogo cha uzito), kazi yake ni kulungu wa mkia mweupe mwezi wa 11 huku kwetu. Kabatini nina makopo matatu: H4350 na IMR 4350 ambazo ni za vijiti vidogo, na Winchester 760 ambayo ni ya punje.

Sa nimefanya hivi. Mwezi wa 8 nilipima kasi ya risasi kwa kronografu (kifaa cha kupima kasi) siku ya nyuzi 31 za Selsiasi, nikaweka risasi kumi kumi za kila baruti pembeni, mwezi wa 1 nikarudi uwanjani ilikuwa -13 nikaziacha nje masaa mawili ndo nikapiga. H4350 ilishuka kama futi 20 kwa sekunde, IMR 4350 kama 45, ya punje ikashuka zaidi ya 80. Hizo ni za bunduki yangu tu, yako inaweza kusema mengine.

Tatizo ni kwamba ya punje inamiminika kwenye mashine ya kupimia baruti kama maji, kila kipimo kiko sawa, na ndo iliyonipa matundu matatu kwenye shabaha yaliyobanana kuliko zote. Hizi za vijiti nahangaika nazo, nasikia kabisa mashine inakata vijiti krrk krrk, kipimo kinaruka, inabidi nipime moja moja kwenye mizani mpaka usiku wa manane. Mngekuwa nyie mngeenda na ipi? Kiasi cha greini sikiandiki humu makusudi, maana mtu ataikopi akaiweka kwenye bunduki yake, ila zote ziko ndani ya data ya kampuni.

Mjomba_wa_Duluth
Mkuu kwanza hongera kwa kupima, wengi wanabishana bila kupima. Swali langu, unampiga kulungu umbali gani? Mimi msituni huku kaskazini sijawahi kupiga zaidi ya yadi 90, miti imebanana huoni mbali. Futi 80 kwenye kasi ya 2,800 ni kama asilimia 3. Ukipiga hesabu, yadi 100 huoni kitu, yadi 200 risasi inashuka kama nusu inchi zaidi, yadi 300 ndo inafika inchi moja na kidogo. Moyo na mapafu ya kulungu ni eneo la sahani ya wali. Kwaiyo kwa baridi peke yake mimi nisingeitupa ya punje.

Ila matundu matatu hayakuambii kitu bana. Piga kumi kwa kila baruti, kwa siku tofauti, alafu urudi hapa.

Kevo_wa_Texas
Mjomba umesema ukweli lakini umeangalia upande mmoja, upande wa baridi, ambao hauumizi mtu. Baridi inakupunguzia kasi basi. Joto ndo linapandisha presha na presha ndo inavunja vitu.

Wacha nieleze yaliyonikuta. Nilitengeneza risasi zangu asubuhi moja mwezi wa pili, kulikuwa na kaubaridi, nikapanda kidogo kidogo mpaka karibu na kipimo cha juu cha kitabu, hakuna dalili yoyote, bolti inafunguka laini kabisa nikafurahi. Mwezi wa saba tukaenda kuwinda nguruwe mwitu, boksi la risasi nikaliacha kwenye dashibodi ya pikapu juani, nyinyi mnajua gari likikaa jua la Texas ndani kunakuwaje. Nikapiga ya kwanza, bolti ikakataa kufunguka. Nikaipiga kwa kiganja, haitoki. Nikarudi nyumbani na bunduki imefungwa vile vile, fundi akaitoa kwa nyundo ya plastiki. Tukaangalia ganda: fataki (kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti) imelala bapa kama sarafu, nyuma ya ganda kuna alama inayong'aa pale shaba ilipoingia kwenye tundu la ejekta, kile kipini cha kurusha ganda nje. Ilikuwa baruti ya punje, jina siliweki kwa sababu kosa lilikuwa langu mimi, si lake. Kikomo cha presha cha SAAMI, wale wanaoweka viwango vya risasi Marekani, kwa .30-06 ni psi 60,000 na mimi nilikuwa nshajisogeza pale pale ukingoni siku ya baridi, sa joto likiongeza zake unaenda wapi?

Tangu siku hiyo baruti yangu naitafutia kipimo siku ya joto kali kuliko zote, na risasi hazikai juani, zinakaa kwenye kile kiboksi cha barafu cha soda lakini bila barafu.

BabuWaMeru
Vijana wangu, mimi niko Arusha na sijajaza risasi maishani mwangu, nilizotumia zote ni za dukani, lakini hili la joto nimelisikia tangu ujana wangu kwa wazee waliofuatana na wawindaji wa kulipwa. Zamani Waingereza walitumia kodaiti, baruti ya nyuzi nyuzi kama tambi, na kodaiti haikupenda jua kabisa. Risasi iliyofanya kazi vizuri Uingereza ikifika huku kwenye joto presha inapanda na ganda linanasa. Unavua ganda namna gani na nyati yuko hatua 20? Ndiyo maana risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 wakaipa ganda kubwa lile, si kwa ajili ya nguvu tu, ni ili presha ibaki chini hata kwenye joto la Afrika. Watu wengi wanaliona lile ganda wanadhani ni fahari.

Kevo_wa_Texas
Shikamoo mzee. Hiyo nimeiona leo kwa jicho lingine kabisa, asante sana.

FundiLimpopo
Wadau salama. Mimi ni Mtanzania niko Afrika Kusini miaka 9, nafanya kazi kwenye shamba la wanyama. Huku wengi kwenye .30-06 tunatumia Somchem S365, ya vijiti, nayo kasi yake ya kuungua iko jirani na hizo 4350 zenu. Sisi tunawinda baridi ya Juni na Julai, asubuhi unakuta umande umeganda, saa saba mchana umevua sweta. Siku moja tu hiyo. Kwaiyo mimi niko upande wa baruti isiyobadilika tabia.

Mwenye mada, kuhusu vijiti kukatika: usivute ule mkono wa mashine kwa nguvu ukikwama, urudishe nyuma kidogo kisha uendelee. Weka mashine imimine pungufu kidogo kisha malizia kwa kudondoshea vijiti juu ya mizani. Kwa risasi 40 za msimu mzima ni jioni moja, si mateso hayo. Mtu anayepiga mashindano risasi 200 kwa wiki huyo namwelewa akitaka ya punje.

Na kitu kingine kikubwa. H4350 na IMR 4350 si baruti moja. Namba zinafanana, kila moja ina data yake. Mbaya zaidi ni 4831. Ile H4831 ilianza kama baruti ya mizinga ya milimita 20 iliyobaki baada ya vita vya pili vya dunia, Bruce Hodgdon, mwenye kampuni ya baruti ya Hodgdon (ndiyo hiyo H), akainunua akawauzia wajazaji, na IMR 4831 iliyokuja baadaye inaungua haraka kuliko hiyo. Ukichukua data ya H4831 ukaijazia IMR 4831 umejitafutia balaa kwa sababu ya herufi tatu tu. Mimi nikifungua kopo nasoma jina kwa sauti, hata kama niko peke yangu.

Mama_Junior
Jambo ndugu zangu, mimi ni wa Bukavu ila niko Boise, Idaho. Mume wangu ndiye alinifundisha, sasa najaza kuliko yeye. Hapa kwetu si kama Minnesota, sisi tunapiga mule deer (kulungu wa masikio makubwa) ngambo ya bonde, yadi 250, 300, ni kawaida, kwaiyo ile inchi moja ya Mjomba mimi siiachi. H4350 ndiyo naitumia, iko kwenye ile familia ya Extreme ambayo Hodgdon wanaileta kutoka Australia, imetengenezwa makusudi isiyumbishwe na joto wala baridi. Tena inajaza ganda la .30-06 karibu lote, ukitingisha risasi haichezi ndani. Ile ya punje ni nzito, inalala chini inaacha nafasi.

Lakini kwa mutoto wangu wa miaka 13 ni kitu kingine. Bunduki ilimpiga bega mara ya kwanza akaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na mutoto akianza kufumba macho ni kazi kumrudisha. Nikamwekea baruti ya H4895, sababu Hodgdon wenyewe wanaruhusu kuipunguza mpaka asilimia 60 ya kipimo chake cha juu. Nikaanza na kipimo cha chini kabisa, akipiga shabaha ya karatasi, anacheka, nikapandisha kidogo kidogo. Alipata kulungu wake wa kwanza yadi 70.

MwindajiBaridi
Dada hiyo imenigusa, nina binti anataka kuja mwakani. Je naweza kuipunguza hivyo hivyo hii 4350 au ya punje nilizonazo tayari?

Mama_Junior
Hapana kaka, hapana kabisa. Ruhusa ile ni ya H4895. Baruti zinazoungua polepole ukiziweka kidogo ndani ya ganda kubwa zinaweza kuwaka vibaya, presha inaruka bila kutabirika. Watu wanafikiri kidogo ndiyo salama, si kwa baruti zote. H110 kwa mfano kampuni inakataza wazi kuipunguza. Nunua kopo moja la H4895 kwa ajili ya binti.

Kijana_mgeni
Samahani wakubwa, nimesoma yote. Nina mabaki ya makopo mawili ya 4350, moja IMR moja H, yakichanganywa si yanatoka ya katikati?

FundiLimpopo
Mdogo wangu USICHANGANYE. Hakuna data ya mchanganyiko duniani. Hata baruti ya jina moja lakini lot tofauti (yaani ya mkupuo mwingine wa kiwandani) mimi sichanganyi, lot mpya nashuka chini naanza kupanda upya. Na baruti ikae kwenye kopo lake lenyewe, si kwenye chupa ya soda uliyoandika kwa peni. Ukifungua kopo ukasikia harufu kali ya uchachu au ukaona vumbi jekundu la kahawia, imeoza, isitumike.

Mjomba_wa_Duluth
Niongezee. Mezani kopo MOJA. Baruti ya bastola ikiingia kwenye ganda la raifo kwa bahati mbaya, bunduki inapasuka usoni. Nikimaliza kumimina narudisha kwenye kopo kabla sijanyanyuka hata kwenda kunywa maji. Na kwa sisi wa Marekani, chini ya zile kanuni za moto nyumbani unaweka mpaka ratili 20 kwenye makopo yake yenyewe, zikizidi hapo mpaka 50 ziwe kwenye kabati la mbao nene, si sanduku la chuma lililobanwa, maana moto ukitokea lililobanwa ndo linageuka bomu.

Halafu hamjataja bei. Kopo la ratili moja saa hizi ni zaidi ya dola 50, ukiagiza mtandaoni unaongezewa ada ya mzigo wa hatari. Ratili ni greini 7,000, ukichukulia risasi moja inakula 55 hivi (hapa napiga hesabu ya bei tu, si kipimo) unapata kama 127. Tangu 2020 H4350 inapotea madukani kila mara. Ukiipata chukua makopo mawili ya lot moja, usingoje.

MwindajiBaridi
Wakuu nilikuwa nawaza hivi, niwe na mbili: H4350 ya kuwindia, ya punje ya mazoezi kwa vile ni rahisi kumimina. Mnaonaje?

Kevo_wa_Texas
Mi ningekataa. Kila baruti itapiga mahali pake kwenye shabaha, utakuwa unazungusha darubini huku na huku, siku ya kuwinda hukumbuki iko wapi. Na ndo hivyo tena makopo mawili mezani. Fanya mazoezi na risasi ile ile utakayoendea porini.

MwindajiBaridi
Nimerudi baada ya wiki tatu. Mjomba nimefanya ulivyosema, kumi kumi, siku mbili tofauti, yadi 100. Upana wa matundu yote kumi: ya punje imetoa inchi 1.4, H4350 inchi 1.3, IMR inchi 1.5. Yaani yale matundu matatu yaliyobanana yalikuwa bahati tu na mimi nilikuwa karibu kuchagua baruti ya miaka kumi kwa bahati ya dakika tano. Kukata vijiti nako kumepungua kwa ile njia ya Fundi, risasi 40 zimechukua saa moja na nusu na chai juu.

Nimechagua H4350. Si kwa sababu ya baridi, Mjomba amenishawishi kwamba kwenye dungu langu la yadi 80 baridi haina shida, ni hiyo bolti ya Kevo. Shemeji yangu yuko Arizona ananiita kila mwaka nikawinde huko mwezi wa 10 na sitaki kubeba risasi mbili tofauti. Kipimo nimekishusha chini kidogo ya pale nilipokuwa, nimepoteza futi 30 hivi, kulungu hatajua. Makopo mawili, lot moja, namba ya lot nimeandika kwenye kila boksi. Binti nimemnunulia H4895, Jumamosi tunaanza na kipimo cha chini kabisa kwenye shabaha ya karatasi.

Mama_Junior
Mwekee plagi masikioni na zile za kufunika juu yake, zote mbili. Mlio ndio unawafumbisha macho kuliko hata bega.