Picha za wazazi za miaka 50 ya ndoa, fundi wa video anataka "zilizo safi". Nizitayarisheje?

kitinda_mimba:
Habari zenu wadau. Wazazi wangu walifunga ndoa Tanga mwaka 1975 na mwaka huu tunawafanyia jubilei, misa asubuhi alafu jioni ukumbini, na sisi watoto tumemlipa mtu wa video atutengenezee video ya dakika nane hivi ya kuonyesha kwenye projekta kabla ya keki. Kazi ya kukusanya picha nimepewa mimi na nimekwama. Mpaka sasa ninazo 412, nyingi ndugu wamenirushia WhatsApp, nyingine ziko kwenye zile albamu zenye nailoni ya kunata, na ile ya harusi yenyewe, nyeusi na nyeupe, iko moja tu duniani na imegandana na kioo cha fremu kwa sababu imekaa ukutani kwa mama miaka yote hiyo na joto la Tanga mnalijua. Nilimtumia fundi kama 30 akanijibu "dada hizi haziwezi, nitafutie zilizo safi" basi, kimya. Safi ndo zipi? Na hiyo ya harusi naitoaje kwenye kioo, kuna mtu kaniambia nilowanishe na maji. Tuna wiki tano.

pwani_kwetu:
Dada naanza na hilo la mwisho kabla hujafanya kitu, USILOWANISHE na USIVUTE. Picha za karatasi za zamani sura iko kwenye utando mwembamba wa gelatini juu ya karatasi, unyevu ukiingia ule utando unalainika na kushika kioo, sasa ukivuta unabaki na karatasi mkononi na mtu wako kabaki kwenye kioo. Sisi tulimfanyia hivyo babu, tulivuta kwa haraka siku mbili kabla ya arobaini, nusu ya uso ikabanduka na ilikuwa picha yake pekee akiwa kijana. Mpaka leo naumia. Iache hapo hapo kwenye kioo uipige picha ilivyo. Futa kioo kwa nje na kitambaa kikavu, iegemeze karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, vaa nguo nyeusi, na kama bado unajiona kwenye kioo chukua kitambaa cheusi ukitoboe tundu la kamera usimame nyuma yake. Simu iwe sambamba kabisa na picha, rudi nyuma kidogo uvute kwa zumu ya mara 2, ukisogea sana kingo zinapinda. Piga hata 20 uchague.

Meza_ya_Editi:
Mimi ndo kazi yangu hii, harusi, kumbukumbu za misiba, jubilei, kwa hiyo nakuelezea fundi wako alichoshindwa kukuelezea.

Safi manake kubwa, yaani ina pikseli za kutosha, vile vinukta vidogo vinavyounda picha. Video ya kawaida ya HD ni 1920 kwa 1080, na sisi hatuiachi picha imesimama tu, tunaisogeza pole pole kuelekea usoni, sasa kama picha imekuja ndogo ukiivuta inakuwa vyumba vyumba na kwenye projekta ya ukumbi ndo inaumbuka kabisa. WhatsApp inapunguza kila picha unayotuma kwa njia ya kawaida. Rudi kwa ndugu zako uwaombe watume tena kama dokumenti, siyo kama picha, au waweke Google Drive. Najua inachosha ila hiyo peke yake itakuokolea zaidi ya nusu ya kazi. Na wasikutumie skrinishoti jamani, wala walichodauniloodi Facebook.

Za karatasi peleka kuskani, usizipige na simu kama unaweza kuepuka. Ukifika steshenari usiseme tu niskanie, watakuskania kama cheti, sema dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, na rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kila picha faili lake. Ile saizi ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 kwa dpi 300 inakupa 1800 kwa 1200, inapita kwa shida, kwa 600 unapata 3600 kwa 2400 hapo fundi ana nafasi ya kucheza. Vile vipasipoti vidogo omba 1200. Ila ya kwenye kioo usiipeleke huko, skana nyingi za steshenari zinasoma vizuri kile tu kinachogusa kioo chao, ikiinuliwa na unene wa kioo cha fremu inatoka na ukungu. Fuata alichosema pwani_kwetu. Za albamu ya kunata, kama haitoki kirahisi pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake taratibu, ikigoma skani ukurasa mzima.

Alafu 412 ni nyingi mno. Picha moja inakaa sekunde kama 5 hivyo zote ni zaidi ya nusu saa, wageni watakuwa wanaangalia simu zao. Dakika nane ni picha 90 hivi. Chagua wewe, usimwachie fundi, yeye hamjui shangazi yako. Usizikate wala kuziwekea filta, na zile programu za kung'arisha sura za zamani nakuomba uachane nazo, zinamtengenezea mama sura ya mtu mwingine na yeye mwenyewe ataona.

shangazi_wa_Korogwe:
Mwanangu hongereni sana. Hao wamekueleza ya mashine, mimi nakuambia kaa na mama yako jioni mbili tatu na hizo picha kabla hujachagua, akutajie nani ni nani na mwaka gani, uandike. Majina ya mafaili yaanze na namba, 001, 002, ndo yatajipanga yenyewe. Na kama kuna mtoto waliyemzika usimweke wala kumwacha bila kumuuliza mama, mwache aseme mwenyewe.

kitinda_mimba:
Asanteni mno, shangazi umenigusa, kaka yetu wa pili tulimpoteza mwaka 1994 na hakuna aliyethubutu kuuliza. Nimemuuliza jana. Kasema awekwe, na picha kachagua yeye, ile kavaa sare ya shule.

Mrejesho: ndugu 6 wameshatuma upya kama dokumenti, tofauti naiona hata kwenye simu, za karatasi nimeskani 64, nimebakiza picha 97 na bado napunguza. Ya harusi nimepiga leo saa nne asubuhi dirishani na kanga nyeusi ya mama, imetoka hadi nyuzi za shela zinaonekana. Nilifungua kadibodi ya nyuma tu ili kutoa vumbi, kioo sijakigusa, nikakuta mwandiko wa baba kwa kalamu ya wino, tarehe, majina ya wasimamizi wao na chini yake kaandika "mimi na wangu". Baba hakumbuki kama aliandika. Nimeupiga picha na wenyewe, ndo 001.