Vifaranga wa bata kwenye boksi, baridi ya Arusha inawamaliza

Bata wa Sakina: Wakuu, habari. Nina vifaranga 11 wa bata, leo siku ya nne. Mama yao aligongwa na bodaboda. Nimewaweka kwenye boksi la televisheni, balbu ya wati 60 juu, magazeti chini. Usiku wanarundikana, asubuhi boksi limelowa chapachapa, na mmoja miguu inampanuka kila akisimama. Nakosea wapi?

Mchaga wa Kiboriloni: Pole mkuu. Magazeti toa leo hii, yanateleza, ndiyo yanaharibu miguu. Tafuta maranda makavu kwa seremala. Shusha balbu, ila upande mmoja tu, anayeona joto akimbilie wa pili. Wiki ya kwanza lenga nyuzi 32, halafu punguza kama 3 kila wiki.

Mama Njiro: Unyevu ni kazi ya bata mwenyewe, anakula huku anachezea maji. Mimi nakata kidumu cha lita 5, tundu la kichwa tu, nakiweka juu ya wavu, beseni chini. Maji yazamishe pua, asiweze kuogelea. Miguu pia ni lishe: bata anahitaji vitamini B3 kuliko kuku. Wapondee njegere zilizochemshwa.

Bata wa Sakina: Asante mama. Na umeme ukikatika? Nina jiko la mkaa.

Mchaga wa Kiboriloni: Chumba kimefungwa? Usithubutu, utaamka umezika wote. Chupa za maji ya moto, zifunge kanga.